Hirizi ya Rupia Hamsini

Mosi hakuwa na nyumba. Hakuwa na mke, hakuwa na ndugu wa baba mmoja, hakuwa na mnazi hata mmoja wa kuuita wake. Hakuwa na kanzu ya pili. Siku akifua ile moja alishinda ndani ya chumba cha kuazima na shuka kiunoni mpaka ikauke. Hakuwa na jino moja la mbele, maana tangu utoto alikuwa akikata uzi kwa meno. Hakuwa na baraza ya kufanyia kazi, ila kipande cha kivuli alichopewa kwa hisani kando ya duka la Tayabali, fundi bati. Na hakuwa na herufi. Hili la mwisho lilimuuma kuliko yote, kwa sababu kila siku ya Mungu mikono yake ilishika maandishi.

Alikuwa mshona ngozi. Alishona makubadhi, mikanda na ala za visu, lakini kazi iliyompa chakula chake ilikuwa hirizi. Bagamoyo ya miaka ile ilijaa wapagazi. Kila safari ya bara ilipojiandaa, watu mia tatu au mia nne walitaka kinga ya njiani. Walimu waliandika, wakakunja karatasi, wakaileta kwa Mosi naye akaivika ngozi. Alikuwa na sheria moja aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha: mshonaji hafungui. Hirizi mpya ikija imekunjwa, huivika ilivyo. Hirizi kuukuu ikija imechakaa, huishonea ngozi mpya juu ya ile ya zamani. Kilichomo ndani ni cha mwenyewe na Mola wake. Kwa sheria hiyo Mosi aliaminiwa kutoka Dunda mpaka Gongoni, na hata watu wa Miono walimletea kazi.

Asubuhi moja, mvua za vuli zilipokuwa zinamalizika, alikuja Bi Biubwa. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka pale Mosi alipokaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mikono mizima?"

"Mizima, alhamdulillahi. Jino tu ndilo halijarudi."

"Halirudi hilo, usilingoje." Akafungua kitambaa. "Tazama walichonifanyia panya. Hirizi ya mlangoni! Panya wa siku hizi hawana dini kabisa."

Ilikuwa hirizi ya mraba, kubwa kama kiganja, nyeusi kwa moshi. Mosi aliijua. Mtaa mzima uliijua. Ilining'inia juu ya mlango wa Bi Biubwa tangu siku ya harusi yake, miaka ishirini iliyopita, siku baba yake, baharia Haji, alipompa binti yake nyumba na vyote vilivyomo mbele ya kadhi. Haji mwenyewe aliitundika kwa mkono wake akasema, "Hii isiguswe." Mwezi uliofuata akafa kwa kipindupindu, bila kusema neno jingine juu ya hirizi hiyo. Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, Bi Biubwa aliifukiza ubani.

"Ishonee haraka," alisema. "Nyumba yenyewe imekaa vibaya. Mvua hizi zimeangusha ukuta wa nyuma mpaka usawa wa kiuno, na boriti mbili za paa zimeoza. Masika ikinikuta hivi, nimekwisha. Na yule Kombo dalali kila siku yuko mlangoni. 'Niuzie kiwanja, Bi Biubwa, nikupe rupia ishirini, utakwenda kukaa kwa watu wako Saadani.' Anataka kujenga banda la wapagazi. Nyumba niliyopewa na baba yangu, walale wapagazi na mizigo yao!"

"Ukarabati unataka kiasi gani?"

"Fundi anasema rupia arobaini. Mimi nina moja." Akagusa pindo la leso yake, pale alipoifunga.

Mosi akaigeuza hirizi. Mambo mawili yakamsimamisha. La kwanza lilikuwa mshono. Haukuwa mshono wa fundi ngozi. Ulikuwa wa mishazari, mrefu, uliorudi juu ya wenyewe, kama wanavyoshona washona matanga ya majahazi. Haji aliishona peke yake. Kwa nini mtu aliyeweza kumlipa fundi pesa chache akae na ngozi kiganjani kutwa nzima?

La pili lilikuwa ndani ya tundu la panya. Aliliona bila kutaka, kwa kuwa jua liliingia mpaka pale. Palikuwa na jicho, na pua, na nywele zilizofungwa kisogoni.

"Shangazi," alisema polepole, "humu mna sura ya mtu."

"Astaghfirullahi! Sura gani?"

"Ya mwanamke. Imepigwa chapa. Mimi sijui kusoma, lakini najua walimu wetu. Hakuna mwalimu wa pwani hii anayechora sura ya mtu akaiweka kwenye kinga. Hii si hirizi."

Bi Biubwa akakaa chini, kwenye mkeka wa ngozi chakavu. "Miaka ishirini naifukiza."

"Naijua sheria yangu. Sifungui. Ila kwa idhini yako, kwa mkono wako."

Hakufikiri sana. Alishika kisu cha Mosi, akakata ule mshono wa baharia nyuzi mbili mbili, akitaja jina la Mungu kila mara. Ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne. Haikuwa imeliwa, panya aliishia kwenye ngozi. Waliikunjua. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka rangi ya chai, imepigwa chapa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mtupu kabisa. Kulikuwa na maandishi ya Kizungu, na mengine yenye mikia kama ya mabango ya Mabanyani, na pembeni juu kile kichwa cha mwanamke. Ilinukia ubani kama msikiti wa Ijumaa.

"Nimemwona wapi huyu?" Mosi alijiuliza. Kisha akasema, "Nipe rupia yako."

"Ya nini?"

"Nipe tu, sikimbii. Nitakimbilia wapi na kanzu moja?"

Bi Biubwa akafungua pindo. Mosi akaiweka rupia ya fedha juu ya karatasi, ubavuni mwa kile kichwa. Pua ile ile, kisogo kile kile. Alikuwa ni malkia yule yule wa Waingereza ambaye watu walimpokea na kumtoa sokoni kila siku bila kumtazama usoni.

Wakainama wote wawili juu yake.

Kombo akawakuta hivyo. Dalali huyu alikuwa na tabia ya kufika mahali kabla hajaalikwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye kilemba safi na viatu ambavyo Mosi ndiye aliyevishona.

"Mnatazama nini, enyi watu wawili? Ah!" Akacheka. "Noti kuukuu ya Bombay. Pole, Bi Biubwa. Hizi zimekufa. Nimeziona Unguja. Zenye kichwa hiki zilikatazwa zamani, hata mwenye duka la tambuu hazipokei."

"Noti ni nini?" akauliza Bi Biubwa.

"Karatasi ya serikali ya Hindi. Ilikuwa fedha. Sasa ni karatasi." Akaingiza mkono kibindoni. "Lakini mimi napenda vitu vya zamani. Chukua rupia moja, unipe."

Mosi akainua macho. "Bwana Kombo, umesema imekufa."

"Imekufa."

"Basi unainunua ya nini? Unakwenda kuizika?"

Bi Biubwa akaangua kicheko. Kombo hakucheka. "Rupia mbili," alisema.

"Maiti imepanda bei," akasema Mosi, akaikunja karatasi ile kwenye kitambaa na kumrudishia mwenyewe. "Shangazi, usiiuze leo. Wala kesho. Tayabali yuko Saadani anatengeneza taa. Akirudi tutamwuliza. Yeye alikulia Bombay."

"Fundi viraka leo amekuwa mshauri wa serikali!" alisema Kombo akiondoka. "Na watu wajue pia kwamba Mosi siku hizi anafungua hirizi."

Watu wakajua. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili habari ilikuwa imezunguka mji: Mosi amechungulia kinga ya nyumba ya Haji. Wengine waliongeza kwamba ukuta wa nyuma ulianguka kwa ajili hiyo, ingawa ukuta ulitangulia kuanguka kwa siku tisa. Wapagazi wawili walikuja wakachukua hirizi zao kabla hazijashonwa. Mwalimu Mwinyimvua, mzee aliyempa Mosi kazi nyingi kuliko walimu wote, alituma mtu kusema kwamba atangoja kwanza aone.

Bi Biubwa naye alizunguka na karatasi yake madukani. Duka la kwanza walicheka. La pili mwenye duka aliigeuza, akaona upande mtupu, akasema nusu yake haijaandikwa, arudi ikiisha. Alirudi amevunjika moyo.

"Mosi, kama ni takataka?"

"Kama ni takataka, mimi nimefungua kinga ya nyumba yako, na ukiangukiwa na paa lawama ni yangu. Nitahama mji. Lakini baba yako hakuwa mpumbavu, shangazi. Baharia anayeshona kwa mkono wake mwenyewe, akaweka mahali ambapo hapana mwizi wa Kiislamu atakayepagusa, alijua anachokificha."

Tayabali alirudi siku ya nne. Alikuwa Mhindi wa Kibohora wa miaka sitini, mkavu, mwenye kofia ya uzi wa dhahabu na vidole vilivyobabuka kwa risasi ya kuungia bati. Hakupenda maneno mengi. Alinawa mikono, akaifuta, kisha tena akaifuta kabla ya kuipokea ile karatasi.

Alifanya mambo matatu, na Mosi aliyafuata yote kwa macho, kwa sababu aliposhindwa kusoma alijifunza kutazama.

Kwanza Tayabali aliisugua pembe moja kati ya kidole gumba na cha shahada, sikio lake likiwa karibu. "Karatasi ya kweli," alisema. "Inalia."

Pili aliiinua kwenye jua. "Njooni mtazame." Wakasogea. Ndani ya karatasi, si juu yake, palikuwa na herufi nyeupe zilizotokea kwa mwanga na kutoweka kivulini. "Hizi hazikuandikwa. Zimo tangu karatasi ilipokuwa uji. Mwigaji hawezi kirahisi."

Tatu akasoma yale maandishi yenye mikia, kwanza moyoni, kisha kwa sauti. "Hii ni Kigujarati. Rupia hamsini."

Bi Biubwa akashika ukuta. "Sema tena."

"Hamsini. Na yale ya Kizungu nayajua kwa umbo, nimeshika noti hizi mamia kwa mamia nilipokuwa dukani kwa mjomba wangu. Serikali inaahidi kumlipa mwenye karatasi hii akiileta. Bombay tu. Si Karachi, si Kalkuta, na Unguja hakuna wa kuilipa. Kila noti ina mji wake."

"Na Kombo asema imekufa," alisema Mosi.

"Kombo amesema nusu. Noti zenye kichwa cha malkia ziliachwa kupigwa chapa, kweli, kwa sababu watu wabaya walianza kuziiga. Sasa kuna noti nyingine, hazina kichwa. Lakini ahadi ya serikali haikufutwa. Ukipeleka ya kweli, wanalipa. Ukipeleka ya kuigwa, wanakurudishia aibu." Akaiinua tena kwenye jua. "Macho yangu yanasema hii ni ya kweli. Lakini macho yangu si ofisi. Sitakutolea hamsini zangu kwa macho tu, Bi Biubwa, unisamehe."

"Sikukuomba zako. Niambie la kufanya."

"Ndugu yangu yuko Bombay, ana duka la kufuli. Tutampelekea. Lakini hatupelekei yote." Akatwaa mkasi wake wa kukatia bati, mkubwa, akauweka mezani. "Tunaikata."



"Kuikata!" alisema Bi Biubwa.

"Katikati. Ndivyo wafanyavyo wafanyabiashara wote wa Hindi. Barua inaweza kuibwa, meli inaweza kuzama. Unapeleka nusu moja, nyingine unakaa nayo. Mwizi akipata nusu hana kitu. Ndugu yangu akipata nusu ya kwanza, ataipeleka ofisini waikague, kisha ataniandikia. Ndipo utapeleka ya pili, wataunganisha, watalipa. Tazama, namba yake imeandikwa mara mbili, huku na huku, ili kila nusu ibaki na namba."

Bi Biubwa akamgeukia Mosi. Haikuwa rahisi kwake. Kitu kile kilikuwa kimening'inia juu ya kichwa chake alipoingia bibi harusi na alipotoka mjane. Na Kombo hangekosa kuwatangazia watu kwamba fedha ikikatwa imekufa mara mbili.

"Wewe ungefanyaje?" aliuliza.

"Mimi nakata ngozi kila siku," Mosi alijibu. "Ngozi nzima haijawahi kumvika mtu miguu. Lakini ni yako."

"Nipe mkasi."

"Ngoja kwanza," alisema Mosi. "Namba."

Alichukua kipande cha ngozi laini ya mbuzi, akakiweka ubavuni mwa noti, na kwa ile sindano nene ya kutobolea akazinakili zile tarakimu kama mtu anayenakili ua la mkanda: umbo baada ya umbo, kila mkunjo mahali pake. Hakujua zinasema nini. Alijua tu zimekaaje. Tayabali alipotazama akatingisha kichwa kwa mshangao.

"Sita, moja, saba, mbili, nne. Hukukosea hata moja. Na hujui kusoma?"

"Bado," alisema Mosi.

Basi Bi Biubwa akakata. Mkasi ulilia mara moja tu. Nusu ya kwanza, ile yenye kichwa cha malkia, Tayabali aliitia ndani ya barua aliyomwandikia ndugu yake. Barua ikaenda Unguja na mchukuzi wa forodhani, kungoja meli ya Bombay. Nusu ya pili Mosi aliishona ndani ya ngozi mpya, kwa mshono wake mwenyewe, naye Bi Biubwa akaitundika juu ya mlango.

"Utaifukiza?" Mosi aliuliza.

"Nimezoea," alisema. "Tena sasa najua ninachofukiza."

Miezi miwili ya kungoja jibu haikuwa mirefu kwa Mosi kama ilivyokuwa kwa wengine. Hirizi hazikuja, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Alikwenda Dunda akakata miti, akaja kuuegemeza ukuta wa Bi Biubwa kwa nguzo nne na kulifunika paa kwa makuti mabovu aliyoombaomba. Jioni, kabla ya magharibi, aliketi mbele ya Tayabali na kile kipande cha ngozi. Tayabali alimwonyesha: hii sita, hii moja, hii saba. Siku ya pili akamwongezea tatu na tano, akimwambia kwamba mtu hawezi kuishi na tarakimu tano tu. Kisha Mosi akataka herufi. Akazipata kwa mwalimu Mwinyimvua mwenyewe, baada ya kumwendea na kumweleza jambo lote tangu mshono wa baharia mpaka sura ya malkia.

"Sura ya mwanamke kwenye kinga?" mwalimu alisema. "Ungeishona bila kuniuliza ningekukasirikia zaidi. Kaa hapo nyuma, na watoto. Watacheka."

Walicheka. Mosi alikaa, magoti yake yakiwa juu kuliko vichwa vyao, akasema alifu, bee, tee pamoja nao kwa sauti ya mtu anayelipwa. Wiki ya tatu walichoka kucheka. Wiki ya sita alikuwa anaandika jina lake.

Barua ya Bombay ilifika miezi hiyo miwili ilipotimia, wakati jua linaunguza na kila mtu anatazama upande wa kusi akihesabu siku za masika. Tayabali aliifungua dukani mwake mbele ya Mosi na Bi Biubwa, akasoma Kigujarati, kisha akaifasiri.

"Ndugu yangu anasalimu. Anasema watoto wazima. Anasema nimempelekea nusu ya noti bila kumpelekea hata karafuu... haya, hayo ni ya kwetu." Akaruka mistari. "Anasema alikwenda ofisi ya serikali. Karani kijana akasema hajawahi kuiona ya namna hii, akamwita mkubwa wake. Mzee akaitazama, akaipima na kitabu chao. Namba imo kitabuni. Haijalipwa kamwe. Noti ni ya kweli, na nusu ya pili ikifika watalipa rupia hamsini kamili." Akatabasamu, jambo la nadra. "Anasema mzee yule aliinusa, akauliza kama ilikuwa imehifadhiwa msikitini."

Bi Biubwa alicheka, akalia, akacheka tena.

"Imo namba kwenye barua?" Mosi aliuliza.

"Imo."

"Nionyeshe."

Tayabali akamwonyesha. Mosi akatoa kipande chake cha ngozi, akakiweka chini ya mstari. Sita, moja, saba, mbili, nne. Alizisoma kwa sauti. Safari hii hakutazama maumbo, alisoma.

Hapo hapo kivuli kikaingia mlangoni. "Salamu alaikum. Nasikia kuna barua."

"Alaikumu salamu, Bwana Kombo," alisema Bi Biubwa. "Karibu. Tunamwombea maiti wetu, amefufuka."

Kombo akaketi bila kuambiwa. Alikuwa mfanyabiashara wa kweli; hakupoteza muda kuona haya. "Nusu ya pili unayo. Meli inaweza kuchelewa, ofisi inaweza kugeuza maneno. Mimi nakupa rupia arobaini taslimu leo hii, nami nibebe hatari."

"Juzi rupia moja, leo arobaini, kwa nusu tu! Ukiikata tena robo utanipa mia?"

"Arobaini na mbili."

"Ulisema fedha ikikatwa imekufa mara mbili. Sasa unanunua maiti aliyekufa mara tatu. Hapana, baba. Kaa nazo."

"Mimi natoa arobaini na nane," alisema Tayabali, bila kuinua sauti. "Rupia mbili ni za meli na za lakiri ya kufungia barua. Ndugu yangu atapokea hamsini kule, atanunua bati, ataniletea. Juzi niliamini macho yangu tu. Leo naiamini ofisi. Umekubali, Bi Biubwa?"

"Mosi?" aliuliza mwanamke.

Mosi alifikiri. Kungoja fedha za Bombay zije zenyewe kungechukua miezi miwili mingine, na masika haingemngoja mtu. "Kubali, shangazi. Ukuta hautaki hamsini. Unataka arobaini, na unazitaka wiki hii."

"Nimekubali." Tayabali akamhesabia rupia zake pale pale, naye akatuma mtoto kumwita fundi nyumba.

Kombo akasimama. Alipofika kizingitini aligeuka, akatazama viatu vyake, kisha akamtazama Mosi. "Fundi, soli ya kushoto imeachia."

"Lete kesho, Bwana Kombo. Na hirizi zako kama unazo. Sifungui mpaka mwenyewe aniruhusu."

Dalali akaguna, akaenda. Na kweli kesho yake alileta viatu. Naye mwalimu Mwinyimvua alimletea Mosi hirizi kumi na mbili kwa safari ya Tabora, mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba anazileta hapa kwa sababu hapa kuna mtu anayejua tofauti.

Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Siku ile walitoka wote watatu mpaka mlangoni kwa Bi Biubwa. Mosi alipanda juu ya kinu, akaiteremsha hirizi mpya. Mwenyewe akakata uzi kwa mkono wake, akatoa nusu ya noti, akainusa mara ya mwisho. Ndani ya ngozi ile tupu aliweka karatasi aliyokwisha kuandikiwa na mwalimu, Ayatul Kursiy kamili, isiyo na sura ya mtu, naye Mosi akaishona papo hapo na kuirudisha juu ya mlango. Fundi nyumba alikuwa nyuma tayari, akipima ukuta kwa kamba, na boriti za kwanza zilikuwa zimeagizwa forodhani.

Dukani kwa Tayabali barua iliandikwa. Tayabali aliandika ya kwake kwa Kigujarati. Kisha akasogeza karatasi na kalamu upande wa Mosi.

"Namba ya noti. Iandike wewe. Uliianza wewe."

Mosi akaandika tarakimu tano, kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, na chini yake, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za chuoni, akaandika jina lake na jina la Biubwa binti Haji, mwenye mali. Hakuitoboa ngozi, hakuchora ua. Wino ulikauka, naye hakuona haja ya kurudia hata herufi moja.

Nusu ya noti ikakunjwa ndani. Bahasha ikafungwa. Tayabali akaiyeyusha lakiri kwenye moto wa kazi yake, tone jekundu likaanguka kwenye mkunjo, akatafuta pete yake ya muhuri asiione.

"Tumia hii," alisema Mosi.

Alitoa kwenye mfuko wake ule muhuri mdogo wa shaba wa kutilia nakshi kwenye mikanda, wenye ua la majani manane, akaubonyeza juu ya lakiri ikiwa bado moto, akahesabu mpaka kumi kama anavyohesabu kwenye ngozi, akauinua. Ua likabaki, safi, majani yote manane. Mchukuzi wa forodhani akaipokea barua, akaitia kifuani chini ya kanzu, akaenda nayo.